Sanduku Limepangwa, Ndoa Imepanguka

Kwa mshauri wa gazeti letu, Mwalimu Habakuki wa Lutindi,

Shikamoo, Mwalimu. Baada ya salamu nakuomba unitoe katika tabu iliyonikaba shingoni, kwa maana hapa nyumbani sina tena wa kuzungumza naye, mke wangu Chausiku hanisemeshi tangu Jumatatu, amekalia sanduku lake la nguo kama kuku anayeatamia, na kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nimelipanga.

Mimi naitwa Isihaka, ni mtumishi wa nyumbani kwa Mdachi mmoja mwenye shamba la mkonge hapa Korogwe, kazi yangu kufua na kupiga pasi, basi kila siku naingia chumbani mwa bibi wa Kizungu kuweka nguo katika kabati lake, na kabati lile, Mwalimu, ni la kustaajabisha, nyeupe zimekaa na nyeupe, za baridi na za baridi, kila gauni limetundikwa peke yake, na kila mwaka bibi huzitoa zote, asiyoivaa mwaka huo humpa mtu mwingine wala haisikitikii. Nikirudi kwangu nafungua sanduku la Chausiku kutafuta kitambaa cha kujifutia jasho, nakutana na vurugu, kanga mpya chini ya kaniki iliyochanika, shuka la nani sijui, vipande vya merikani, vyote vimefungwa mafundo na vinanukia udi. Nimemwambia mara nyingi apunguze, naye hunijibu kwamba kila kitu kina mahali pake na mimi ndiye nisiyepajua.

Basi akaenda Mombo kumzika shangazi yake, akakaa hadi arobaini ipite, nami nikaona nafasi ndiyo hii, nikamwaga sanduku zima juu ya mkeka, nikatenga zinazovaliwa na zisizovaliwa, nikaifuata kanuni ya bibi wa Kizungu bila huruma. Vitu vyangu sikuvigusa kwa kuwa vile vina mpango wake, yaani koti nililopewa na bwana, lililopoteza mkono mmoja, na viatu vyake vinavyonibana, na kofia zangu. Zisizovaliwa zikajaa furushi. Sasa mimi si mtu mbaya, Mwalimu, binti yetu Mwantumu ameolewa Kwaluguru na kijana anayeitwa Sadala, na huko mwaka huu mvua imewapita kando, mahindi yamekauka, basi furushi nikawapa wachukuzi waliokuwa wakienda Handeni wawafikishie wakwe zetu, kuliko liozee kwangu wakati wenzetu hawana nguo.

Ndani yake, naambiwa sasa, ulikuwamo mkaja. Kweli niliuona, kitambaa chekundu kimekunjwa na kufungwa uzi, hakijavaliwa wala kufuliwa tangu harusi ya Mwantumu, nikasema hiki ndicho bibi angekitoa kwanza. Mama yake Sadala akafungua furushi mbele ya majirani huku akitushukuru, akaukuta, akautambua kwa kuwa aliuchagua mwenyewe walipotuletea mahari, akaketi chini akalia. Wazee wao wakakutana, na Jumatatu akafika kwetu Mzee Hiza, baba mkubwa wa Sadala, Chausiku naye ndiyo kwanza amerudi kutoka Mombo, hajafungua hata sanduku. Mzee akakataa maji, akasema akiwa amesimama mlangoni, "Mkaja umerudi. Tumesikia mnamtaka mwana wenu. Ana mimba ya miezi saba, basi semeni, aje sasa au ajifungue kwanza?" Nikamweleza habari za kabati, akanitazama, akaondoka. Chausiku akaniambia, "Umemwachisha mwanangu," akaenda kukalia sanduku lake.

Swali langu, Mwalimu, ni hili: nifanyeje ili mke wangu aelewe faida ya mpangilio? Na je, ni adabu kweli wakwe kuchukia zawadi?

Wako mtiifu,
Isihaka, Korogwe

*

Isihaka, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikimfikiria mwanao, na sikucheka tena. Hata hivyo sina budi kukupongeza. Nimewaona wanaume waliovunja ndoa za binti zao kwa ulevi, kwa tamaa, kwa ugomvi wa mipaka ya shamba. Wewe ndiye wa kwanza kuivunja kwa unadhifu.

Wazigua mnazaliwa mkiyajua haya, lakini kwa kuwa mkonge umekusahaulisha, nitakukumbusha mimi Msambaa wa mlimani, Mkristo tena. Mkaja hauvaliwi sokoni wala shambani. Wakwe walipomkabidhi mkeo kitambaa kile walikuwa wanamwambia: tunajua ulimbeba huyu tumboni, ukajifunga kiuno baada ya kumzaa, na sasa tunakuomba awe wetu. Mkeo alipoupokea, alikubali. Mume wake akaja akalichukua jibu hilo, akalichanganya na matambara, akawarudishia wenyewe kwa mikono ya wachukuzi. Halafu unaniuliza mimi habari za adabu.

Unasema ulifuata kanuni bila huruma. Bila huruma kwa nani, bwana? Katika vyote ulivyovitoa sikuona hata kofia moja ya Isihaka. Koti la mkono mmoja limesalimika kwa sababu lina mpango wake, ambao hukuutaja, nami naungoja kwa hamu. Viatu visivyokuingia vimebaki, na mkaja wa mkeo ukaenda zake. Yule bibi wa Kizungu, kwa maelezo yako mwenyewe, hutoa nguo zake. Ndilo jambo moja ulilopaswa kujifunza katika kabati lile, na ndilo lililokupita. Mwiga tembo hupasuka msamba, nawe umempasulia mwanao.

Na Mzee Hiza. Mtu mzima ametoka Kwaluguru kwa miguu, amekataa maji yako, amekupa nafasi ya kusema neno moja tu, "tumekosea", na ndoa ingepona palepale mlangoni. Wewe ukamhadithia kabati. Najaribu kuwaza uso wa mzee wa watu nashindwa. Umekwenda kazini siku ngapi tangu hapo, umepiga pasi mashati mangapi, na huko Kwaluguru hawajui waendelee kumwita Mwantumu mkwe au wamfungashie?

Umeomba msaada, basi huu hapa, na usinikatize. Omba ruhusa kwa bwana wako. Akiuliza sababu mwambie kweli, umewakosea wakwe, ataelewa, maana hata Wadachi wana wakwe. Mwite kaka wa mkeo, yeyote aliyepo, kwa kuwa pasipo mjomba wa Mwantumu maneno yako hayatapokewa, na kwa hali yako usiachwe useme peke yako. Chukua mbuzi wa kufutia kosa, usichague aliyekonda. Chausiku sharti aende, mkaja ni wake na hakuna mkono mwingine wa kuupokea tena. Mkifika, usiongee habari za ukame wala za nguo. Keti chini, sema kwamba mkaja ulirudi kwa ujinga wako, kwamba mama hakujua, na kwamba hamjamtaka mwana. Koma hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe uiname bila kueleza. Furushi lililobaki waachie, na wakikutukana wasikilize hadi mwisho.

Kuhusu kupanga nguo, maana umeuliza na sipendi kumnyima mtu jibu: zianikwe juani masika yakiisha, za kutokea zikae chini na za kushindia juu, tumbaku kidogo pembeni kwa ajili ya wadudu, na sanduku lifunguliwe na mwenyewe. Ukitaka kupunguza, anza na lako. Fundo usilolijua, uliza. Chausiku alikuwa Mombo, na gari la moshi la kwenda huko linapita hapohapo Korogwe.

Neno la mwisho linanisumbua kuliko yote. Gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi. Ulijua hivyo, ukaandika, ukakaa kungoja, na mimba ya miezi saba haingoji mtambo wa kuchapa. Jibu hili nimekuletea kwa mkono wa mtu siku ileile niliyopata barua yako, lakini kwa mtu wa namna yako naliweka na hapa. Kama unalisoma gazetini ukiwa bado Korogwe, sina tena ushauri kwako. Simama mbele ya mkeo, msomee kwa sauti haya yafuatayo, na usiongeze lako.

Mama Mwantumu, pole. Mchukue kaka yako, mwende Kwaluguru kesho alfajiri. Mkaja ni wako na mwana ni wako, neno lako watalisikia. Huyu mwacheni hapa alinde sanduku.

Mwalimu Habakuki
Lutindi