Mwanga Chumba cha Pili

Jumanne, 3 Desemba 2024
Bangi imenichosha! Chumba cha kwanza tunaichoma makusudi kwa taa kali — majani ya juu yamepauka, kingo zimejikunja. Sawa, ndicho tulichotaka kukiona. Lakini chumba cha pili? Mimea ya kulinganishia, haiguswi, inalazwa gizani kutwa, asubuhi hadi jioni, taa zake huwaka usiku tu — na leo nimekuta maua dume kwenye majike! Mmea jike hufanya hivyo giza lake likikatizwa. Wiki sita za kazi. Leseni ya serikali, dawa ya wagonjwa, na sisi tunazalisha mbegu!

Jumatano, 4 Desemba
Tumeziba kila tundu kwa tepu nyeusi. Wapi! Kwa hasira nimemwandikia bosi wetu, Dokta Sachin: ni Ajay, yeye ndiye anayetega saa za taa. Ajay kaapa hakugusa kitu. Simwamini hata kidogo. Njia nzima kwenye basi hadi nyumbani Woolwich nimenuna.

Alhamisi, 5 Desemba
Ajay kaambiwa akae nyumbani hadi kikao cha kesho. Viza yake inategemea kazi hii. Shauri yake.

Ijumaa, 6 Desemba
Saa kumi jioni nimeingia chumba cha pili na taa yangu ya kijani, ile isiyoisumbua mimea. Mwanga mweupe! Mzee Shaame, msafishaji wetu, Mpemba, yuko kwenye mswala, tochi ya simu inawaka ubavuni. Anasali magharibi. Nimesimama hadi akatoa salamu.

Nani alimwonyesha pale? Mimi! Tangu saa za huku ughaibuni zirudishwe nyuma Oktoba, jua linazama kabla ya saa kumi, hivyo adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinamkuta kazini, naye akisali chini ya ngazi, watu wanampita kichwani. Nikamwambia, ingia chumba cha pili, kutwa hamna mtu, kadi yako inafungua. Habari ya mwanga sikumwambia. Ilinitoka kabisa. Mjinga mimi!

“Kila siku nakuombea humu ndani, mwanangu,” kaniambia huku akikunja mswala. Macho yake mabovu, bila tochi haoni hata mlango.

Nikisema, anafukuzwa yeye, na mimi pamoja naye. Nikinyamaza, anaondoka Ajay.

Naandika haya nje ya ofisi ya Sachin, tunangoja kikao. Ajay kaketi kiti cha pili, kavaa tai. Hajanisalimia — barua yangu ameshaonyeshwa. Mzee Shaame kapita na ndoo yake, katusalimia kwa mkono sote wawili, kamwambia Ajay pole kwa Kiingereza chake kile.

Mlango umefunguliwa. Wanataka nianze mimi.