Mkasi Haupokewi Mkononi

Jumanne, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na milima haionekani kabisa.

Leo nusura mikasi ipigwe marufuku darasani kwangu. Sasa nimetulia kwa sababu nimeshakunywa chai, lakini mchana nilikuwa na hasira za kuwagawia walimu wote wa Kilakala na zikabaki.

Nafundisha chekechea. Wiki hii tunajifunza kukata, na tunaanzia kwenye majani ya mgomba, maana ni laini na mgomba wenyewe uko nyuma ya darasa. Mikasi ni midogo, ya ncha butu, ila inakata. Sheria zangu zinajulikana: unakata ukiwa umekaa, dole gumba linatazama juu, na ukimpa mwenzako mkasi unaufunga, unashika upande wa makali, unamwelekezea mpini. Watoto wanaziimba kila asubuhi, wengine kwa sauti ya kupasua vioo.

Salma anaimba pia. Halafu hafanyi.

Ameshuka kutoka Mgeta muhula huu, anakaa na shangazi yake hapa mjini. Haongei sana. Rafiki yake ni mmoja tu, Neema, na hao wawili hata chooni wanasindikizana. Wanatumia mkasi mmoja. Lakini zamu ya Neema ikifika, Salma anauweka mkasi chini kwenye mkeka na kurudisha mikono mapajani. Nimemkumbusha kwa upole, nikamkumbusha bila upole. Anaitikia vizuri, kisha anauweka chini tena.

Leo aliuweka ukiwa wazi, na Neema akapiga goti juu yake.

Damu ilikuwa kidogo, ya kufuta kwa pamba, ila Neema alilia kama amekatwa mguu, na mwalimu mkuu akafika kabla sijapata hata plasta. Akasema mikasi irudi kabatini mpaka mwakani. Nikamwomba anipe kesho tu, nimwonyeshe kwamba wanaweza. Akakubali kwa uso wa mtu ambaye hajakubali.

Nikamwita Salma pembeni, nimeshajiandaa kumgombeza. Nikamuuliza kwa nini hampi mwenzake mkononi kama nilivyomfundisha.

"Tutagombana, mwalimu," akasema, machozi yanamlengalenga. "Bibi alisema ukimpa mtu mkasi mkononi mnagombana. Na mimi rafiki ninaye Neema tu."

Hasira zote zikaniishia pale pale.

Nilikuwa namwona mkaidi, kumbe muda wote analinda urafiki wake. Nikamweleza kwamba mkasi haugombanishi watu. Alinisikiliza kwa adabu zote, na nikaona wazi hajaamini hata neno moja.

Nimerudi nyumbani nimechoka. Mama alikuwa jikoni na mchicha wake, akaniomba kisu. Nikakitoa kabatini, nikakiweka mezani mbele yake, naye akakichukua mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya tangu nikiwa mdogo, na sijawahi kujiuliza. Nilicheka mpaka mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mwalimu mzima, nataka mtoto aache kitu ambacho mimi mwenyewe sijakiacha!

Basi nimeomba lile sinia dogo la mama, nimeliosha. Kesho litakaa katikati ya mkeka. Unaufunga mkasi, unauweka kwenye sinia, mwenzako anauchukua hapo. Hakuna wa kupiga goti juu yake, hakuna wa kugombana na mtu. Mwalimu mkuu nitamwambia ni utaratibu mpya wa usalama, na sitakuwa nimemdanganya.

Sijui kama ataridhika. Nikishindwa, mikasi ndiyo basi tena kwa mwaka huu.

Lakini nawakumbuka wakitoka getini mchana. Neema anachechemea na plasta yake, kwa madaha kuliko maumivu, na Salma amembebea mkoba. Walikuwa wameshikana mikono.

Kesho nataka watoke hivyo hivyo.