Nililia Kaburini, Wakacheka

Kimamba

Mtani wangu Sefu,

Nilitaka kuanza kwa matusi kama kawaida yetu, Msagara wewe, lakini leo yamegoma kutoka. Arobaini yako ni kesho, na mimi nimekwama.

Miaka yote ile ya mashindano ya magari wewe ulishika usukani, mimi nikakaa kushoto kwako nikikusomea njia. Nikisema, "Kona kali hiyo, usije ukatuzika wote," ulizidi kukanyaga mafuta na kunijibu, "Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo kwa miguu, gari mtalijulia wapi?" Tulitukanana hivyo kutoka Mikumi mpaka Kilosa, matope yakituingia mdomoni. Ukachukua ubingwa mara mbili mfululizo, watu wakakubeba juu juu kama bwana harusi. Uliwahi kuvuka mto Mkondoa umefurika, halafu homa tu, homa ya kitandani, ikakumaliza! Nina hasira na wewe, Sefu. Nina hasira kweli.

Sasa nikuambie yaliyotokea siku ya kukuzika, maana sina mwingine wa kumwambia. Nilifanya kazi ya mtani. Niliingia kaburini kabla hujashushwa, nikalala, nikapiga honi kwa mdomo, nikasema sitoki mpaka Wasagara wanilipe kuku. Watu wakacheka, hata Mwajuma mkeo akatabasamu. Nikataka kuinuka, nikashindwa. Udongo ulikuwa wa baridi, nikawaza kwamba hapa ndipo utakapobaki, bila mtu wa kukuambia mbele kuna nini. Nikalia kwa sauti. Nikawaomba wanifukie. Nao wakazidi kucheka. Mzee mmoja akasema, "Huyu ndiye mtani, kazi anaijua." Walinivuta mikono wakanitoa, na hakuna aliyenipa pole. Pole ni za ndugu, mtani ni wa kuchekesha.

Tumehamia kijiji kipya cha ujamaa. Gari lako Mwajuma amelitoa kwa kijiji, linapeleka wagonjwa Kilosa, na dereva ni mimi. Nikiwa peke yangu bado natamka, "Kulia, daraja bovu," kisha nasubiri unitukane. Chakula hakipiti. Juzi nilikuwa narudi bila mgonjwa, njia ya Masanze, nikaachia usukani makusudi. Gari likaingia kwenye mkonge likazima, nikakaa humo mpaka wachungaji wakaja kulisukuma.

Jana Mwajuma aliniita. "Shemeji," akasema, "siku ya arobaini njoo umwigize anavyoendesha. Watoto wameanza kumsahau sauti." Ningemjibu nini, Sefu? Kwamba mtani wao amekauka?

Basi nitakwenda. Nitavaa kofia yako, nitashika ungo uwe usukani, nitanguruma na kuwatukana Wasagara wote mpaka wazee washike mbavu. Nikizidiwa nitalia palepale katikati yao. Hawatajua, na wasijue. Wanao watakusikia wewe tu.

Lala, bingwa wangu. Nakuahidi watacheka.

Mtani wako,
Maganga