Kompyuta Imempokonya Bi Zuwena Kazi

Jumatano, Machi 1999

Leo nimemtoa Bi Zuwena kazini kwa mkono wangu mwenyewe.

Meneja wa bandari yetu ya kisiwani anasema bandari za bara zinatupita kwa mashine, na tukibaki na madaftari meli zitatukimbia. Hasemi uongo. Lakini wiki nzima Bi Zuwena amekaa ubavuni mwangu akinieleza anavyopanga shehena, nami naingiza kila neno kwenye kompyuta. Asubuhi mashine ikapanga shehena ya meli nzima peke yake. Adhuhuri akapewa barua.

“Ulijua?” akaniuliza.

“Nlijua, Bi Zuwena.”

Hakunilaani. Akalitengeneza buibui lake. “Karafuu zisiwekwe karibu na mafuta ya taa, mwanangu, zitashika harufu. Hilo nlisahau kukwambia.”

Alipotoka, nikaliingiza na hilo.