Tumbo la Kijani la Otis na Alama Tisa za Shimo la Saba

Mpendwa Bi Verna,

Kabla sijaomba msaada, naomba kwa heshima na taadhima kuwatangazia wasomaji wa jarida la chama chetu cha watunza nyasi kwamba mbwa wangu Otis, aliyezaliwa na tumbo jeupe na kuishi nalo vizuri miaka yote, sasa ana tumbo la kijani, na kwamba sabuni ya vyombo, siki na maombi ya mke wangu vyote vimeshindwa.

Sasa shida yenyewe. Mimi ni mtunza nyasi wa kiwanja cha gofu kusini mwa mto Platte, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na shingo iliyoungua jua, na jina langu tafadhali usilichapishe. Mwaka huu zamu ya kuandaa mkutano wa kiangazi wa chama iliniangukia mimi, na wewe unaijua mikutano yetu, tunasema tunakuja kusikiliza utafiti lakini kila mtu anakuja kuchungulia nyasi za mwenzake, basi wiki ile joto likapanda, usiku haupoi, ugonjwa wa ukungu ukaingia kwenye grini ya shimo la saba, pale nyasi zinapokatwa fupi kama zulia kuzunguka shimo, nyasi zikawa na madoa kama mkate uliosahauliwa kabatini, nami nikaona aibu, asubuhi kabla magari hayajafika nikachukua ile rangi ya nyasi tunayotumia majira ya baridi nikaipulizia grini nzima, na Otis, ambaye hakuna anachokipenda kama nyasi zenye ubaridi, akajilaza juu yake haijakauka.

Ningeishia hapo ningekuwa na siri ndogo tu. Lakini alikuwepo Dakta Solveig Tranberg wa chuo kikuu, anayetengeneza ile maktaba mpya ya picha mtandaoni, kwamba mtu atapiga picha nyasi zake kwa simu, kompyuta izilinganishe na picha za mfano, kisha impe alama kuanzia moja hadi tisa, tisa ikiwa bora kabisa. Akasimama pale shimo la saba, akavua miwani ya jua.

"Bwana, hizi umezilisha nini?"

"Uvumilivu," nikasema.

Bi Verna, nilisema uvumilivu. Watu wakacheka na kunipigia makofi. Dakta akapiga picha, akatangaza kwamba hiyo ndiyo itakuwa mfano wa alama tisa, na akaniomba nihutubie mkutano mkuu wa majira ya baridi.

Asiyecheka alikuwa jirani yangu, mtunza nyasi wa klabu ya ng'ambo ya barabara, rafiki yangu tangu tukiwa vibarua wa kukokota mipira ya maji. Kamati ya klabu yake inamsakama msimu mzima kwamba nyasi zake zimepauka, na nyasi zile ni nzima kabisa, ni sita safi, saba ukiziangalia jioni. "Sisi wengine twende tukalime mahindi," akaniambia, akaiacha supu yake ya maharagwe na mkate wa mdalasini bila kuvigusa, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Picha ikiingia maktabani, kamati itamwekea simu mbele ya uso na kumuuliza kwa nini yeye si tisa, na watamfukuza kwa sababu ya rangi ya kopo. Nikisema ukweli, nitakuwa kichekesho cha jimbo zima, na hotuba yangu, ambayo nimeshaitayarisha, tena ina picha nzuri, itakufa. Nifanyeje?

Mwenye Aibu, kusini mwa Platte

*

Ndugu Mwenye Aibu,

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. La mbwa umelitaja mwenyewe, na hakuna mwanachama ambaye hajawahi kumrushia Otis soseji, kwa hiyo nakutakia kila la heri.

Pole kwanza. Ukungu wa usiku wenye joto umewaliza watunza nyasi hodari kuliko wewe, nami nimo. Na acha kujipiga kifua kwa kupaka rangi. Nusu ya viwanja vya jimbo hili hupakwa kila baridi ikiingia na hakuna anayeungama. Rangi za siku hizi ni nzuri, hata mimi ningedanganyika. Kosa lako ni neno moja, na unalijua, maana umeliandika mara mbili.

Lakini hebu jisomee. Hotuba yako imekufa, tena ilikuwa na picha nzuri. Maskini. Jirani yako naye akifukuzwa kazi, hiyo ni nyumba, bima ya hospitali, na umri ambao hakuna anayekuajiri kuanza upya. Usivipime kwenye mzani mmoja.

Nenda kwa jirani kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Uende mwenyewe, simu iache mfukoni. Usianze na habari za mvua, nawajua wanaume wa Platte, mnaweza kuzungumzia mvua mpaka mtu azikwe. Ukishamwambia, mpigie Dakta Tranberg papo hapo, jirani akisikia, na umtajie rangi gani na ulipulizia kiasi gani. Mtafiti haombwi radhi kwa machozi, hupewa vipimo. Na usithubutu kusema ulikuwa unatania.

Jibu hili nakutangulizia kwa posta. Jarida linaingia mtamboni mwisho wa mwezi, na Otis ndani yake.

Bi Verna

*

Mpendwa Bi Verna,

Chapisha na hii. Ningependa uamini kwamba nilifika kwa jirani yangu Wendell nikasema kama mtu mzima. Kilichotokea kweli ni kwamba nilianza na mvua. Nikaenda kwenye mahindi, nikapitia timu ya chuo, na nilikuwa narudi tena kwenye mvua pale Otis aliposhuka kwenye pikapu akajigaragaza miguuni pa Wendell, tumbo juu.

"Mbwa wako ni wa kijani," akasema Wendell.

"Ndiyo."

"Kijani cha shimo la saba."

"Ndiyo, Wendell."

Nilitegemea matusi. Akanipeleka kwenye grini yake ya kwanza. Alikuwa ameimwagia mbolea ili aifikie ile tisa yangu, na nyasi zilikuwa zimeungua mistari mistari ya njano kama shati la mfungwa.

"Uvumilivu," akasema. "Nimelala nikiliwaza neno hilo, mpumbavu wewe."

Nikampigia Dakta. Akauliza ni kopo gani. Picha ameiondoa kwenye tisa na kuiweka mahali ambapo kompyuta inafundishwa kutambua rangi. Grini yangu ndiyo mfano wa kwanza.

Kamati ya Wendell ilipokutana nikaenda naye, nikawaambia nyasi zao zimeunguzwa na uongo wangu. Mwenyekiti akauliza kwa nini wamwamini mtu anayepaka nyasi rangi. Nikafungua mlango nikamwita Otis.

Hawakumsamehe Wendell kikamilifu. Wamempa muda mpaka majira ya kuchipua. Basi kila jioni tunakata vipande vya nyasi kwenye kitalu changu na kuvipandikiza kwake, tukiwa tumepiga magoti kama watu walio kanisani. Vinashika. Nikitoa alama kwa haki, ni nne.

"Tano," anasema Wendell. "Na bomba lako la rangi libaki ng'ambo ya barabara."

Jina langu sasa lichapishe.

Duane Kovarik