Bwawa la Murubeho Halikuomba Kufuli, Dada Asia

Mwaka umetimia leo, dada Asia, tangu ulipojilaza baada ya swala ya adhuhuri ukasema unapumzisha miguu, wala hukuamka tena. Jana tumekusomea hitima hapa nyumbani Kasulu. Watu walijaa mpaka barazani kwa jirani, ubwabwa ulitosha, na kila aliyefungua mdomo alikusifu. Sifa nimezisikia. Lakini nina hasira, dada, na sitaificha kwa sababu tu picha yako inacheka hapo juu.

Ndugu walitaka tangazo hili aandike mumeo Shamsi, kwa kuwa ni mpole. Nikakataa. Nikawaambia, maneno ya upole yamekwisha andikwa na kamati ya bwawa, yakapigwa misumari langoni, na ndiyo yaliyotuletea balaa. Niandike mimi Firdausi, mdogo wake, ambaye mdomo wangu aliujua. Tunalibandika hapa dukani kwa Shamsi, na kwa simu tunalituma hadi Kibondo kwa binti yako Zuhra, awasomee walimu wenzake.

Wasiokufahamu waelewe ulikoyatoa mambo yako. Ulikuwa mkunga, ukapelekwa Uingereza kuongeza masomo, ukapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Jumapili ya kwanza akakwambia uvae viatu vya matope, mnakwenda bwawani. Wewe ukavaa gauni la maana ukabeba kanga mpya, maana kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu. Mkapanda kilima, mkafungua vijilango vya malisho ya kondoo na kuvifunga wenyewe, manyunyu yakawapiga, mkalizunguka bwawa lote. Mkakaa juu ya jiwe mkanywa chai ya chupa, kisha mkarudi kwenye gari. Ukamwuliza, "Mama, sasa mbona hatujafika kwa huyo mwenyeji?" Kila ulipotusimulia hilo ulicheka hadi ukashika mbavu.

Ulituambia maji yale yananywewa na mji mzima, ukuta wake ni mrefu kuliko mnara wa msikiti, na bado yeyote anapita kandokando, tajiri kwa maskini, bila kuulizwa anakwenda wapi. "Wanayaangalia tu maji, Firdausi. Wakishayaangalia, wanarudi nyumbani wamepata nafuu." Sisi tukasema haya, baridi ya Ulaya imempanda kichwani.

Uliporudi ukaanza kulizunguka bwawa letu la Murubeho, njia ya kwenda Heru Juu. Ee, watu walisema! Mke mzima wa mwenye duka anazunguka maji, hana ndoo, hana nguo za kufua, ana nini? Kila nyumba uliyoipita wakakusalimu Kiha, "Mwakeye, mama! Waelekea wapi?" Na wewe, "Mwakeye! Naelekea hapa hapa." Wengine wakanong'ona kwamba unawanga. Mwishowe ukawa unabeba jembe begani, jembe ambalo halikupata kugusa udongo, ili wakuache upite. Na kweli wakakuacha. Wakasema yule mama sasa ni mchapakazi.

Immakulata, jirani yetu, ndiye aliyekufuata wa kwanza. Presha ilikuwa imemkalisha kitako, hata kuteka maji hawezi. Ukamshika mkono mkaenda hadi kwenye ile miti ya mivumo tu, mkarudi. Wiki iliyofuata mkapita mivumo. Baadaye wakaja wajane, wenye sukari, na wale waliofiwa na watoto wachanga ambao hakuna aliyejua aseme nao nini. Hukuwahubiria. Ulikuwa ukisema, "Jambo likikukaba, lizungushe bwawani kwanza, ndipo uniambie." Ulitembea nyuma kabisa, pamoja na anayechelewa. Muhogo wa kuchemsha haukukosekana kwenye mkoba wako, na mifuko ya plastiki ya watu wachafu uliiokota ukiwatukana mmoja mmoja kwa jina.

Na ulikuwa mkaidi, tusidanganyane kwa kuwa umekufa. Siku walipokuja wageni wa posa ya Zuhra, saa yako ilipofika ulisimama ukaniachia sebule nzima ya wazee wa watu. Shamsi akakuomba, jamani leo kaa. Ukamwambia wageni wana mikeka, maji hayana wa kuyaangalia. Nilikasirika siku ile, lakini angalau wewe ulikuwa ukinikasirisha ukiwa hai.

Ulipotutoka, kamati ya bwawa ilikaa kikao. Tukasikia wanataka kukuenzi. Tukafurahi, jamani, hata kreti ya soda tukawapelekea! Tulipokwenda kuona huko kuenzi kwenyewe, tukakuta seng'enge imelizunguka bwawa zima, lango la chuma, kufuli ukubwa wa ngumi, na bango: HIFADHI YA KUMBUKUMBU YA BI. ASIA MANSURI. HAKUNA RUHUSA KUPITA. Jina lako, dada, na chini yake hakuna ruhusa kupita.

Mwenyekiti wao, mzee Nkunzimana, si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mwizi ningejua pa kumshika. Alitupokea kwa kupiga makofi ya heshima, akatukalisha, akasema, "Mama, sisi Waha mtu mkubwa tunamzungushia urugo. Uzio ndio heshima yenyewe. Kwa mwami, mtawala wetu wa zamani, kulikuwa na urugo ndani ya urugo. Bi. Asia tumwache wazi, kama shamba lisilo na mwenyewe?"

"Bi. Asia hayumo bwawani, mzee," nikamwambia. "Yuko makaburini. Humu mmefunga njia yake."

Akanitazama kwa huruma. "Njia gani, mama? Yeye si hakuwa akienda popote?"

Lo! Nilitoka pale bila kuaga. Mwanamke huyu amezalisha nusu ya watoto wa kata, amewainua wake za wanakamati hawa waliokuwa wamekata tamaa, na wao walidhani anapunga upepo. Sasa Immakulata, akitaka kutembea, anatembea barabara kuu kati ya malori. Bodaboda ilimkwaruza kiwiko, akaacha. Juzi nimemkuta kibarazani kwake, miguu imevimba, hataki hata kuzungumza. Wenzake nao wametawanyika. Wengine wakilipita lango hilo wanageuza uso, wanasema hawana nguvu ya kusoma jina lako pale.

Tuliwaambia kamati neno moja: ondoeni seng'enge au ondoeni jina. Shamsi alitumwa kwa upole wake, akarudi nao vile vile. Jana ndipo walipotupa jibu, tena mbele ya watu, hitima ikiwa imekwisha. Nkunzimana alisimama, akatoa ufunguo kwenye kitambaa cheupe, akaukabidhi kwa mikono miwili. Akasema kwa heshima ya marehemu, familia pekee itaruhusiwa kuingia. Watu wakapiga makofi. Immakulata hakupiga.

Shamsi akaupokea kwa mikono miwili pia, akashukuru. Nilitaka kumfinya. Unamjua mumeo, dada, miaka yote hakuzunguka nawe hata mara moja, kila siku duka atamwachia nani. Alivaa kofia yake vizuri, akasema, "Haya, nifuateni." Tukaenda msafara mzima, na Nkunzimana mbele, akidhani tunakwenda kuzindua. Shamsi akafungua lango, akalitoa kufuli likiwa na ufunguo wake ndani, akateremka mpaka ukingoni, akalirusha majini. Likaenda chubwi.

"Shamsi! Mali ya marehemu hiyo!" mzee akapiga kelele.

Shamsi hakupandisha sauti. "Mzee, mimi mume wake nilimzuia asije huku tangu ndoa yetu ni mbichi, nikashindwa. Ninyi mtamweza kwa kufuli?"

Wanawake walipiga vigelegele, siku ya hitima, Mungu atusamehe. Nkunzimana alikaa chini kwenye nyasi. Lakini wajumbe wake hawakukaa. Shamsi ameitwa kikaoni kujibu, na kufuli jingine wameshaagiza.

Basi wewe unayesoma hapa dukani, uliyejifungua mikononi mwake au uliyetoka mikononi mwake, rambirambi zako zimetosha. Lango leo liko wazi, na kesho hatujui. Njoo upite. Wakija kufunga wakute watu njiani, tuone watamfungia nani.

Tunakukumbuka mumeo Shamsi, wanao Zuhra na Tamimu, mdogo wako Firdausi, wajukuu, majirani, na wenzako wote wa bwawani. Mola akupe kauli thabiti.

Immakulata keshavaa viatu, anatungoja nje. Kukusahau hatutaweza kamwe, dada.