Vidole Viwili vya Bibi Bimkubwa

Mwaka umetimia, Bibi, tangu tukuoshe kwa mara ya mwisho. Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni vidole vyako viwili vya mkono wa kushoto. Vilikuwa safi. Miaka yote nilivijua vikiwa na rangi ya moshi.

Ulizaliwa kisiwani Chovae, vita vikakupeleka Mombasa, na huko ukajifunza kazi kwa tabibu wa Kichina uliyekuwa ukimfulia nguo. Uliporudi Kismayo, wachezaji wa mpira walikuja uani kwetu wameshika viuno kama wazee. Uliwachoma sindano nyembamba kama unywele, kila mmoja zake mpya. Kisha uliwasha msokoto wa majani makavu, ukaushika juu ya mgongo bila kugusa ngozi, na vidole viwili ukaviweka mgongoni, kando ya joto.

"Moto uusikie wewe kabla ya mchu," uliniambia, mtu ukimwita mchu kama watu wa kisiwani kwenu.

Aliyelalamika ulimtania. "Uwanjani simba, hapa sindano moja unamwita mama." Wakacheka, na mgongo ukalegea.

Siku ile ulikwenda kutawadha, ukaniachia msokoto. Aliyelala mkekani alikuwa Mahir, kipa. Wenzake walimpigia kelele kutoka nje ya mlango: "Kipa, geuka, upande huo umeshaiva." Niliona haya kuweka vidole vyangu kwenye mgongo wa mwanamume. Nikageuza na uso. Yeye alikuwa amesinzia. Ulirudi, ukauchukua msokoto, ukamaliza mwenyewe.

Kesho yake mama yake alikuja. Mgongo ulikuwa umetoka malengelenge, na mechi ya Ijumaa Mahir hataiweza.

"Bi Bimkubwa, umemuunguza mwanangu."

Ulinitazama. Mimi nilitazama chini.

"Macho yangu yamezeeka," ulimwambia. "Niwie radhi."

Baada ya hapo hakuja mchezaji tena. Miezi saba, hadi ulipofariki, mkeka ulikaa umekunjwa, na hukuniuliza neno. Kila Alhamisi ulinisuka nywele kwa vidole vile vile, na kila wiki rangi ya moshi ilififia.

Tunaokukumbuka ni mwanao Jaafar, mkweo Zamzam, na wajukuu zako Mzamil na Marwa. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.

Baba alitaka niandike mimi, kwa kuwa ndimi niliyekaa nawe zaidi. Hajui nitakachokisema. Macho yako hayakuwa na kasoro, Bibi. Aliyemuunguza Mahir ni mimi, Marwa.